Baba watoto hataki mtoto avuke ukuta

Anti shikamoo.

Naomba usinitaje jina wala mtaa maana Wakenya wa huku ni wachache na tunajuana wote. Mi ni Mtaita, nimekulia Mombasa, Changamwe, nina miaka 41, ni nesi, na nakaa Belfast ile ya Ireland Kaskazini mwaka wa 13 huu. Nimeolewa na mzungu wa hapa hapa, tuna mtoto mmoja wa kiume ana miaka 10. Baba mtoto ana 53, mtu mpole, hanywi, hajaniinulia mkono hata siku moja, kupika anapika, yaani kwa hilo sina la kusema. Shida ni huu mji na vile ulivyomlea.

Nilipofika sikuwa najua kitu. Nilisikia kulikuwa na vita vya Wakatoliki na Waprotestanti, watu zaidi ya 3,500 wakafa, halafu 1998 ile Ijumaa Kuu wakaweka sahihi mkataba ikaisha, basi mi nikaiweka kwenye fungu la historia. Baba mtoto ni Mkatoliki wa Ardoyne, kaskazini ya mji. Mimi ni Anglikana, nimezaliwa humo, mamangu ni wa Mothers Union mpaka leo. Kwetu Anglikana ni kanisa tu, unaenda lako jirani anaenda lake na Idi mnakula pilau kwa Mwislamu. Huku ndo nikaja kuambiwa kumbe mimi ni wa upande wa pili! Mavyaa aliniuliza nasali wapi, nikamwambia, akakaa kimya kidogo halafu akasema chai inapoa. Kazini nako mzee mmoja mgonjwa aliniuliza we Mkatoliki au Mprotestanti, nikamtania nikamwambia Mwislamu, akasema sawa, lakini Mwislamu wa Kikatoliki au wa Kiprotestanti? Wodi nzima ilicheka, baadaye nikaambiwa huo ni utani wa miaka na miaka.

Nilipopata mtoto nikaanza kuona mengine. Alipokuwa na miaka 4 nilikuwa namfundisha ABC, nikafika kwa H nikasema "eich" kama tulivofundishwa sisi. Baba yake alikuwa anaosha vyombo, akageuka na povu mikononi akasema HEICH, sema heich. Anti sijawahi kumsikia na sauti ile. Nilidhani ni mambo ya lafudhi, nesi mwenzangu ndo akanieleza kwamba Wakatoliki wanasema heich na Waprotestanti eich, na kwamba zamani kijana akizungukwa na wa upande mwingine walikuwa wanaweza kumwambia haya, tusomee alfabeti. Herufi moja!

Mtoto tulimpa jina la Kiairishi, ambalo huku mtu akilisikia tu anajua ni Mkatoliki, baba yake mwenyewe alichagua. Lakini tukiwa mjini ama bustanini mtoto akikimbilia mbali hamwiti jina, anapiga mluzi. Miaka yote hii nilidhani ni mtindo tu wa wanaume, juzi ndo nimegundua anapiga mluzi sehemu fulani tu, tukirudi karibu na nyumbani anamwita jina lake kwa sauti ya juu bila wasiwasi. Kwenye mkahawa lazima akae anaangalia mlango. Mtu akibisha usiku anapanda ghorofani kwanza achungulie dirishani ndo ashuke kufungua. Ukimuuliza anakwambia si kitu, wengine waliona makubwa kuliko sisi. Ndo jibu lake hilo, halibadiliki.

Anayenisimulia ni mavyaa, tukiwa kwenye zile teksi nyeusi za kwao (wanapanda watu watano sita kila mtu na nauli yake, matatu kabisa, anasema zilianza wakati mabasi yalikuwa yakichomwa). Ananiambia wanajeshi wa Uingereza walikuwa wakiingia mtaani usiku wanawake wanatoka na mifuniko ya mapipa ya taka wanaigonga barabarani kwa nguvu mtaa wote uamke, na mume wangu akiwa mdogo alikuwa analala na viatu. Akaniambia pia kuna jirani alibishiwa mlango jioni, akafungua, akapigwa risasi watoto wake wanaona, na mmoja wa hao watoto alikuwa anakaa dawati moja na mume wangu. Mume wangu hajawahi kunitajia hilo. Miaka 12 ya ndoa Anti.

Sasa shida yenyewe. Mwanangu anacheza mpira kwenye timu iliyochanganya watoto wa pande zote, akapata rafiki wa upande wa Shankill, mtaa wa Waprotestanti ng'ambo ya ukuta (huku mitaa ya pande mbili imetenganishwa kwa kuta ndefu), mtoto mzuri nimeshamwona ana adabu. Wakabadilishana jezi, wangu akarudi nyumbani amevaa jezi ya Rangers. Kama hujui, huku Rangers ni ya Waprotestanti na Celtic ni ya Wakatoliki, na zote mbili wala si za hapa, ni za Glasgow. Baba yake akamwambia polepole avue, akaikunja vizuri, akaitia kwenye mfuko, akaenda kuiweka kwenye buti ya gari bila neno. Mtoto alilia mpaka akapitiwa na usingizi. Wiki ilofuata huyo rafiki akamwalika akalale kwao tarehe 11 Julai, usiku huo wanawasha mioto mikubwa mno ya mbao na vibao vya mizigo wamepanga kama ghorofa, kesho yake wanaandamana na ngoma kwa ajili ya vita ambavyo mfalme wa Kiprotestanti alimshinda wa Kikatoliki mwaka 1690, eti 1690! Mume akasema hapana. Nikauliza kwa nini, akasema huko siendi. Nikamwambia si wewe uliyealikwa. Tumenuniana siku tisa.

Na mwakani mtoto anaingia sekondari. Baba yake anataka aende aliyosoma yeye, ya Kikatoliki ya wavulana watupu. Mi nataka ile ya mchanganyiko, ambako huyo rafiki anaenda. Nimeshajisajili kwenda siku ya kutembelea shule na sijamwambia.

Sikuja huku kulea mtoto ndani ya ugomvi wa babu zake. Mume wangu ni mtu mzuri ila naanza kuona ana ubaguzi ndani. Hata Agosti 2024 maduka ya wageni yalipochomwa alinifuata kazini akanipitisha vichochoro mpaka nyumbani, wakati ule sikuona shida, lakini hii ya kumfungia mtoto imenichosha. Nifanyeje?

Mama Kijana, Belfast

---

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya kwanza nikakuhurumia wewe, ya pili nikamhurumia mumeo, ya tatu nikasimama kwenye ule mstari wa karibu na mwisho ambao umeupita mbio kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa. Agosti 2024. Rudi hapo kwanza.

Wasomaji wengine huenda wamesahau. Kule Southport, Uingereza, watoto wa kike waliuawa kwa kisu, uvumi ukaenea mtandaoni kwamba muuaji ni mhamiaji, fujo zikalipuka miji mingi, na Belfast tarehe 3 Agosti watu wakatoka katikati ya mji wakaenda kuvunja na kuchoma maduka ya wageni. Picha zilizotoka siku ile zilinishangaza, kwenye kundi moja kulikuwa na bendera ya Ireland, ya upande wa Wakatoliki, na bendera ya Uingereza, ya upande wa Waprotestanti, zinapepea pamoja. Watu ambao hawajakubaliana hata jinsi ya kutamka herufi H, siku hiyo walikubaliana kuhusu watu wa rangi yako.

Mumeo akaja kukuchukua. Alijuaje vichochoro? Alijuaje kona ipi vijana wanakusanyika, barabara ipi itafungwa, saa ngapi ni salama? Hakufundishwa na simu. Alijifunza akiwa mdogo kuliko mwanao alivyo sasa, na ramani hiyo hiyo iliyomwambia "huko siendi" ndo ilikufikisha wewe nyumbani. Siku ile uliiita mapenzi, leo unaiita ubaguzi. Na umeandika tu kwamba hukuona shida, sijaona mahali umeandika ulimwambia asante.

Sisemi hana ubaguzi, mi siishi nyumbani kwenu. Lakini mbaguzi hakunji jezi mwanangu. Mbaguzi anaichana, anaitupa jaani, anamtukana mtoto. Huyu ameikunja vizuri akaihifadhi kwenye gari. Jiulize mtoto alikuwa anaenda kuvaa wapi hiyo jezi ya Rangers. Kwa bibi yake Ardoyne? Nina hakika karibu yote kwamba mumeo hakuwa anawaogopa watu wa Shankill siku ile, alikuwa anawaogopa vijana wa mtaa wake mwenyewe wamwone mtoto nayo. Muulize uone kama nimekosea.

Wewe unasema ilikwisha 1998. Hebu piga hesabu na umri wake. Ana 53, ina maana alizaliwa 1972, na huo ndo mwaka uliokuwa na vifo vingi kuliko yote, karibu watu 480 mwaka mmoja, kwenye nchi ya watu milioni moja na nusu tu. Akiwa na miaka 9, wafungwa wa upande wa Wakatoliki wakagoma kula gerezani, kumi wakafa mmoja baada ya mwingine, kila maziko ni fujo mpya mtaani. IRA, kundi lenye silaha la upande wa Wakatoliki, inatangaza kusimamisha vita tarehe 31 Agosti 1994 yeye ana miaka 22, kijana mzima, na unajua kesho yake kilifanyika nini? Walianza kujenga ukuta katikati ya bustani ya kuchezea watoto, Alexandra Park, huko huko kaskazini ya mji. Amani imetangazwa jana, leo bustani inakatwa vipande viwili! Kamlango ka kupitia mchana kalikuja kufunguliwa 2011. Serikali ya huko iliahidi mwaka 2013 kwamba kuta zote zitakuwa zimetoka kufikia 2023, wewe upo huko, toka nje uangalie.

Halafu kuna 2001. Miaka mitatu baada ya mkataba, pale pale Ardoyne, watoto wa kike wa shule ya msingi walikuwa wanaenda shule katikati ya mstari wa polisi na wanajeshi wenye ngao, wamewashika mama zao mkono, watu wazima wa upande wa pili wanawazomea na kuwarushia vitu. Wasichana wa miaka 5, 6, 7 na sare zao. Mumeo alikuwa na miaka 29 na huo ndo mtaa wa mama yake. Kwa hiyo wewe ukisema neno shule unaona darasa na madawati, na mi nahisi yeye anaona njia ya kwenda shule.

Mi mwenyewe Agosti 1997 nilikuwa nimepanga chumba Likoni. We ni wa Mombasa, unajua, kituo cha polisi kilivamiwa usiku, halafu ikawa watu wa bara wanatafutwa nyumba kwa nyumba. Jina langu ni la bara. Kwa muda mrefu nikiulizwa "kwenu ni wapi" nilikuwa najibu kwa lafudhi ambayo si yangu, na mpaka leo nikiwa kwenye feri mama yangu akipiga simu naipokea kwa Kiswahili, yeye anaongea kilugha mi najibu Kiswahili, wanangu wananicheka wanadhani nalinga. Sijawahi kuwaeleza. Hii ndo mara ya kwanza naandika. Ndo maana mumeo simshangai, na lile jibu lake la wengine waliona makubwa kuliko sisi nalijua, mi pia nalitumia sana kwa sababu linafunga mazungumzo haraka.

Lakini naye ana kosa. Kumpa mtoto mluzi bila kumpa habari yake si haki. Mtoto ana miaka 10, anajua kuna kitu, na asichoelezwa atakijaza mwenyewe kwa maneno ya watoto wenzake. Na kuna jambo mumeo halijui kwa sababu halijampata. Yeye akiwa mdogo aliweza kujificha. Ukisema heich sehemu moja na eich sehemu nyingine, ukinyamaza jina lako, ukivua jezi, umepita. Mwanao atajificha na nini? Rangi yake haivuliwi ikatiwa kwenye buti. Ramani ya baba yake ina mitaa ya Wakatoliki na mitaa ya Waprotestanti, na 2024 imeonyesha kuna siku hiyo ramani haitamtosha mtoto mweusi wa upande wowote. Hilo ni lako wewe kumwambia, polepole, si kwenye ugomvi. Mwambie yale ya kwenye basi na wodini ambayo hujawahi kumwambia, maana najua yapo na najua umeyameza. Ukishampa yako ndo utaona naye anatoa yake.

Ila usimkalishe kwenye kochi umwambie tuongee, wanaume wa namna hii ukiwakalisha wanakufa ganzi. Mpeleke kwa mama yake, mama aanze ile hadithi ya mifuniko yeye akiwepo, mtoto akiwepo. Mavyaa wako ni hazina na umemwacha anakusimulia peke yako kwenye teksi. Ama tembeeni kwa miguu mtaani kwao, umwombe amwonyeshe mtoto duka alilokuwa anatumwa, na njia aliyokuwa anazunguka. Kuhusu mluzi usimuulize kwa nini anapiga, muulize nani alimfundisha.

Mwaliko wa tarehe 11 Julai, hapana. Hapo niko na mumeo mia kwa mia. Huo ni usiku wa pombe na umati mitaa mizima, na juu ya mingi ya mioto hiyo huwa wanaweka bendera ya Ireland ndo wanawasha, na wewe unataka kumpeleka mtoto wa jina la Kiairishi, mweusi, alale huko bila mtu wake? Siwalaumu wazazi wa huyo rafiki, kwao huo usiku ni kama mkesha wa Krismasi, wamealika kwa moyo safi, na mtoto wao alitoa jezi yake akapewa ya mwenzake, hiyo si kitu kidogo kwenye mji huo. Wapigie simu uwashukuru, waambie mwezi wa saba ni mgumu kwenu, wataelewa kabla hujamaliza sentensi. Halafu Agosti mwalike mtoto wao kwenu mchana, na baba yake amlete mwenyewe, asishushe tu getini aende, aingie anywe chai. Hao wababa wawili wamekua nusu maili kutoka kwa mwenzake, labda waliwahi kurushiana mawe juu ya ukuta huo huo. Wataongea mpira. Waache waongee mpira. Ikifika zamu ya mwanao kwenda huko, uliza mageti ya ukuta yanafungwa saa ngapi upande huo, mengine bado yanafungwa jioni, na mumeo akamchukue kabla ya hapo. Yeye mwenyewe, si wewe. Kulala ni baadaye.

Sasa shule, na hapa nakugombeza. Umelalamika mumeo hasemi, hasemi, halafu wewe umejisajili kimya kimya na kuficha. Miaka 13 imekufanya mwenyeji kweli kweli! Shule za mchanganyiko za huko zilianza 1981, mwaka ule ule wa wafungwa kugoma kula, wazazi wa pande zote mbili wakafungua Lagan College na watoto 28 tu. Walikuwa wanaogopa kama mumeo. Na mpaka leo watoto wanaosoma shule za aina hiyo hawafiki hata mmoja kwa kumi, kwa hiyo mumeo kutaka ya kwao si ajabu, ni kawaida ya nchi nzima. Mi naegemea upande wako kwenye hili, sifichi, lakini usiingie na jina la mchanganyiko ukadhani limemaliza kazi. Nendeni shule zote mbili. Zote mbili waulize kuna watoto wangapi wa rangi ya mwanangu, na mtoto akitukanwa mnafanya nini, nani anaitwa, kwa muda gani. Muangalie mwalimu usoni anapojibu. Na mtoto aende, naye ana macho.

Kuhusu kulala na viatu na yule jirani, hapo Belfast kuna shirika linaitwa WAVE, lilianzishwa 1991 na wanawake waliofiwa wakati vita bado inaendelea, linasaidia watu wa pande zote walioumizwa na vita hivyo na familia zao. Si lazima mtu awe amepoteza mguu. Usimpelekee namba kama vile unampeleka polisi, piga wewe kwanza uulize mke anaanzia wapi, siku akiwa tayari utakuwa unajua mlango.

Jezi irudi ndani ya nyumba. Mtoto aivae chumbani na kwenye kiwanja cha timu, na baba yake amwambie kwa kinywa chake kwa nini haivaliwi kwa bibi. Na ile siku ya kutembelea shule, futa jina lako ujisajili upya, wazazi wawili.